Pilipili kwenye Friza ya Fundi Barafu

12 Februari 1989

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote. Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliyeenda kujifungia kwenye baridi ya kiwanda kama samaki. Mimi nipo na cherehani yangu, ila mkanda wake umelegea, unateleza kila nikifika kwenye kola, nami kola ndizo zinazonipa jina mjini. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa vya wateja. Jirani yetu seremala amejitengenezea kitanda kikubwa kisichopita mlangoni mwake, sasa anabishana na ukuta. Anakusalimu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni pilipili. Unamjua baba yako, hajui kufanya jambo kidogo. Alinunua pakiti ya mbegu za pilipili mbuzi, akaimwaga yote nyuma ya karakana, akaweka samadi ya kuku, na mvua nayo ikaja kumuunga mkono. Sasa hivi miche inaelemewa. Tumekula, tumegawa, tumegawa tena. Majirani wakiniona na bakuli wanafunga milango.

Mimi nilisema tuzianike. Tukazianika juu ya bati, manyunyu yakazikuta, zikaota ukungu mweupe. Baba yako akaja juu. Ati yeye, Fundi Barafu, mtu aliyefufua mafriji ya mji mzima, pilipili zake zioze? Kuna friza kubwa pale karakana, muuza nyama mmoja aliiacha akahama, kompresa yake imekufa. Anataka kuifufua na kuzigandisha zote. Sasa anataka kujua ninyi kiwandani mnagandishaje mboga zenu. Kuuliza mwenyewe hawezi, unamjua. Ameniambia nikuulize kama vile wazo ni langu.

Baba yako hajambo. Amepungua kidogo, lakini hilo ni jua na kuinama bustanini. Usipoteze usingizi.

Ni mimi shangazi yako mwenye kola.


1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa chumba akataka asomewe. Nimemsomea ya seremala na kitanda, sasa kila jioni ananiuliza kama kimepita.

Mimi sijambo. Wamenitoa kwenye meza ya kuchambua njegere, wamenipeleka kwenye chumba chenyewe cha kugandishia. Tunavaa makoti kama mablanketi na bado pua zinatoka maji. Niko kwenye majaribio hadi katikati ya mwaka. Msimamizi wetu mkali, kuchelewa mara moja anakusamehe kwa macho tu, mara ya pili unarudi kwenu. Nikivuka hapo nitaajiriwa kabisa, na nitaweza kumaliza masomo yangu jioni.

Haya, pilipili. Chagueni ngumu zilizoiva, zisizo na doa. Ziosheni, kisha zikausheni kwa kitambaa mpaka usione hata tone, maana maji yakibaki ndiyo yanayogeuka barafu na kuzishikanisha. Toeni vikonyo. Hazihitaji kuchemshwa. Zitandazeni kwenye sinia, zisigusane, ziingie frizani mpaka ziwe kama mawe. Hapo ndipo mnazitia kwenye mifuko midogo na kuikamua hewa kabla ya kuifunga. Ukitaka kupika unachukua mbili tatu na kuzitumbukiza chunguni zikiwa zimeganda. Zikiyeyuka zinalegea, za kutafuna mbichi hazifai tena. Na vaeni glovu, nawaomba. Mwambie Baba asiogope kwamba zitapoa makali. Baridi haiui ukali. Kitu kikigandishwa vizuri kinalala tu, ukikiamsha utakikuta vilevile.

Sasa Shangazi, tuziache pilipili. Umeandika Baba amepungua, halafu ukakimbia. Amepungua nini? Kiasi gani? Mama alipougua mliniandikia shuleni kwamba ana mafua. Nilipokuja likizo nilimkuta hawezi kuinua kikombe. Niliacha shule nikamuuguza mpaka mwisho, na hilo silijutii hata chembe. Ninachowadai hadi leo ni ile miezi mliyonidanganya, wakati alikuwa bado anaweza kuongea. Nakuuliza kwa heshima zote, na nakuomba unijibu kwa ndiyo au hapana: Baba anaumwa?

Mwanao.


19 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wingi. Wazima sisi. Paka amehamisha watoto wake, wamo ndani ya friji ya jikoni, nami nitakueleza walifikaje humo.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale karakana, baba yako akijitia hamnazo, anasugua nati moja tu muda wote. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa kutandaza." Nikasoma. Kesho yake akang'oa kompresa ya friji yetu ya jikoni na kuifunga kwenye friza ya muuza nyama. Nikamuuliza, sasa sisi maziwa tutaweka wapi? Akasema friji ni ya watu wasiojiamini. Basi friji imebaki kabati, mlango hauna kazi, paka akaona hiyo ndiyo nyumba aliyoahidiwa.

Friza inaganda, sina la kusema. Inanguruma kama inagombana na mtu. Tulichuma, tukaosha, tukafuta pilipili moja moja, mimi mshonaji wa kuheshimika! Uliandika glovu. Sisi tukajua kuliko wewe. Usiku mzima mikono iliwaka moto, na baba yako alijifuta jicho kwa kidole kilekile, akaruka, akaita mizimu ya ukoo wote, kisha akanikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Pilipili zimetoka kama ulivyosema, zinagongana kwenye sinia kama shanga. Baba yako maneno yako ameyachukua kama amri ya serikali. Ameyaandika kwa chaki kwenye mlango wa friza: KINALALA TU. Wateja wakija anawasomea, halafu anawaambia ni ya bintiye, yuko kiwandani. Sasa kila kitu kinalala humo. Mkate, nyama, betri za redio, ati zitadumu. Hata vichupa vyake vya dawa, vilipokosa friji, amevipanga katikati ya mifuko ya pilipili, isipokuwa kimoja anachotumia sasa, hicho kiko mtungini kipate ubaridi.

Ni dawa za kawaida tu za watu wazima. Za mifupa. Usianze.

Kuhusu swali lako, baba yako anakula, anacheka na anagomba. Mtu anayegomba ni mzima. Fanya kazi yako mwanangu, umalize hayo majaribio.

Shangazi yako.


6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mikono imepoa. Mimi sijambo, kazi inaendelea.

Baba hajawahi kunywa dawa hata ya kichwa. Leo ana vichupa, si kimoja, na vyote hukaa mahali pa baridi, maana umesema mwenyewe vilikosa friji. Dawa gani ya mifupa inawekwa kwenye friji? Mimi si mganga, lakini baridi ndiyo kazi yangu, na najua watu hawaweki kitu kwenye baridi bila sababu.

Nilikuomba ndiyo au hapana, ukanipa paka. Nimecheka, kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka. Nimemwomba msimamizi ruhusa ya wiki moja, amekataa. Anayeondoka kwenye majaribio amejiondoa mwenyewe. Kwa hiyo nataka nijue. Kama Baba ni mzima, nikae nimalize. Kama anaumwa, niamue mimi mwenyewe nitafanya nini. Mnaniamulia kwa kunyamaza, Shangazi, na mara ya kwanza mlipofanya hivyo mlininyang'anya mama yangu kabla hajafa.

Ingekuwa simu ya ofisini inaruhusiwa kwa sisi wa chini ningepiga hata kwa mwenye duka. Hairuhusiwi. Nijibu siku utakayoipata hii.

Mwanao.


9 Aprili

Mwanangu,

Sijapata barua yako, pengine iko njiani. Naandika tu kukusalimu. Huku kwema.

Seremala amekata kitanda katikati, kimepita, sasa anatafuta namna ya kukiunga. Kazi zangu zimekuwa nyingi, sare za shule. Mvua imepungua.

Baba yako anakunywa maji sana siku hizi. Mtungi naujaza asubuhi, adhuhuri naujaza tena. Nadhani ni joto. Karakana anafungua akichelewa, na jana alikaa juu ya friji ya mteja akiwa na bisibisi mkononi, hakufungua hata parafujo moja. Nilimwita mara tatu. Alisema anafikiri.

Nina swali la kugandisha, wewe mwenye ujuzi. Tuseme mtu ana kitu cha majimaji, tuseme rojo la pilipili, limo kwenye chupa. Likagandishwa. Akilitoa likayeyuka, akaona ndani yake kuna chengachenga nyeupe ambazo hazikuwepo, akitikisa zinazunguka halafu zinatua. Je, nguvu ya rojo hilo inabaki? Mwenye rojo anasema inabaki, kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Mimi sina hakika.

Jibu upesi kidogo kama unaweza. Ni rojo tu, lakini jibu upesi.

Shangazi.


TELEGRAMU. 24 Aprili

TOA DAWA FRIZA. ILIYOGANDA IMEKUFA ASICHOME TENA. MPELEKE BABA HOSPITALI LEO LEO.


TELEGRAMU. 25 Aprili

TUKO HOSPITALI. YUKO HAI. BARUA INAFUATA. SHANGAZI


30 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu za paka. Nakaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume, naandikia pajani, utanisamehe mwandiko.

Telegramu yako ilinikuta nafunga vifungo vya sare. Mtu wa posta alisimama mlangoni na baiskeli yake, akataka maji ya kunywa, nami nikampa huku nasoma, maji yakamwagikia viatu vyake. Nilikwenda karakana mbio na mkasi bado shingoni. Baba yako alikuwa amelala juu ya maboksi, mchana kweupe, mlango wazi, wateja wawili wanamngojea nje wakidhani anapumzika. Pembeni yake sindano aliyokwisha kujichoma.

Nikamwambia, "Mtoto anasema dawa imekufa. Ameleta telegramu."

Akasema, "Baridi naijua mimi."

Nikamwambia, "Baridi unaijua. Dawa huijui."

Akajaribu kuinuka anijibu kwa kusimama, unamjua. Miguu ikakataa. Maneno yake yalikuwa yanaburuta, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoanza kuoza. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Seremala alikuja na mkokoteni wake wa mbao, tukamlaza juu yake, tukamsukuma hadi barabara kubwa, na huko mwenye pikapu akatuchukua. Nilifungua friza nikazoa vile vichupa vyote, nikavitia kwenye mfuko wa pilipili kwa haraka. Muuguzi alipoushika mfuko akapiga chafya, kisha akatoa kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Nani amegandisha insulini?" Nikasema ni fundi wa mafriji. Hakucheka, na mimi sikuwa nachekesha.

Siku mbili hakumtambua mtu. Aliniita kwa jina la mama yako. Sasa amerudi, anaongea, anakula uji, anawafundisha wauguzi namna ya kufunga mlango wa jokofu lao la dawa. Macho yake yana ukungu, daktari anasema huenda ukaondoka na huenda usiondoke. Hilo ndilo lililopo, sikupunguzii.

Sasa jibu la swali lako, uliloniuliza tangu Machi. Ndiyo, baba yako anaumwa. Ana kisukari, anajichoma sindano kila siku, kilianza wakati ule unasubiri barua ya kiwanda. Siku barua yako ilipofika, uliruka uani ukaniangusha mimi na ndoo, unakumbuka. Yeye alikuwa ametoka hospitali asubuhi ileile, kadi iko mfukoni. Aliniita nyuma ya karakana akaniapisha. Alisema, "Ameacha shule kwa ajili ya mama yake. Hataacha tena kitu kwa ajili ya mgonjwa wa nyumba hii." Nikaapa. Niliona ni mapenzi, na nadhani yalikuwa mapenzi. Lakini ungekuwa unajua ana insulini, usingemwacha hata saa moja aiweke frizani. Ulikuwa unatufundisha baridi ukiwa umefungwa kitambaa usoni, na sisi ndio tuliokufunga.

Kuna moja tena, na hili ndilo lililonikalisha hapa tangu asubuhi. Jana baba yako aliponyanyua kichwa aliniambia nikuandikie kwamba dawa ilitoka dukani ikiwa mbovu. Friza isitajwe. Amemtuma seremala akafute ile chaki mlangoni. Anaogopa ukijua ni maneno yako aliyoyafuata, utayabeba maisha yako yote. Alilia, mwanangu, mtu mzima na mvi zake, akinishika mkono.

Nimemkatalia. Nimemwambia nimekwisha danganya ya kutosha kwa ajili yake. Basi nakuambia wewe mwenyewe: aligandisha kwa sababu ulisema kinalala tu. Na nakuambia pamoja na hilo kwamba maneno yako yalikuwa ya pilipili, na kwa pilipili yalikuwa kweli. Ukitaka kumlaumu mtu, anza na mimi, nina mgongo mpana.

Anasema usije, umalize majaribio. Mimi safari hii sisemi kitu. Uliniambia nisikuamulie.

Shangazi yako.


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua hii anakuletea dereva wa lori la kiwanda, anapita huko kesho. Mpe chai, ni mtu mwema na ameendesha tangu alfajiri.

Asante kwa kuniandikia yote. Nilisoma pale pa "kinalala tu" nikaenda kukaa kwenye ngazi za bweni. Muuguzi wa kiwandani ndiye niliyempelekea lile swali lako la rojo. Alisikiliza mpaka kwenye chengachenga, akasema hilo si rojo, ni insulini, na ikiganda imekufa, akaniuliza mgonjwa ni nani. Nilimjibu sijui. Baba yangu mzazi, Shangazi, nami najibu sijui. Hilo limeniuma kuliko yote, hata kuliko yale maneno yangu, na yale maneno yananiuma sana. Nitayabeba. Lakini afadhali nibebe kitu ninachokijua.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Akasema nikirudi nisitegemee kukuta nafasi. Nikamrudishia koti. Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Sijaacha kazi kwa ajili ya mgonjwa, mwambie Baba hivyo. Nimeiacha kwa ajili yangu, nataka kumwona akiwa bado ananiona.

Hapa chini utaona mstari nilioukata kwa kalamu. Nilikuwa nimeandika: usimwambie Baba kwamba nakuja, nisije nikampandisha presha. Mkono uliandika wenyewe, kumbe na mimi ni wa ukoo huu.

Mwambie. Mwambie leo, ukishaisoma hii, kabla hujampa dereva chai.

Mwanao.